Siku 60 za Kutafuta Mwajiri Mpya

Februari 2022 Uingereza iliwaingiza wahudumu wa wazee na walemavu kwenye viza ya wafanyakazi wa afya. Kabla ya hapo viza hiyo ilikuwa ya madaktari, wauguzi na wataalamu wengine. Sasa hata mtu asiye na shahada, mradi anajua Kiingereza na amepata kampuni ya kumdhamini, aliweza kusafiri na mwenzi wake na watoto. Mawakala wakachangamka, na watu wakakopa ili wawahi.

Yaliyofuata yamo kwenye takwimu za serikali ya Uingereza yenyewe. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, leseni zaidi ya 470 za kudhamini wageni zilifutwa katika sekta hiyo, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamedhaminiwa chini ya leseni hizo. Baadhi ya kampuni hazikuwa na kazi ya kuwapa watu ziliowaleta. Leseni ya mwajiri ikifutwa, viza ya mfanyakazi nayo hufupishwa: kwa kawaida hupewa siku 60 apate mwajiri mwingine mwenye leseni na kuomba viza upya, ama aondoke nchini. Kosa ni la kampuni, anayefungasha ni mfanyakazi.

Hapo ndipo tofauti kati ya viza ya kazi na ukaazi wa kudumu inapoonekana wazi. Wanaojiandaa kuhama huuliza ipi inatoka haraka na ipi ni rahisi zaidi. Swali la kwanza lingefaa kuwa jingine: ruhusa ya kuishi kule itakuwa mikononi mwa nani? Mwenye viza ya kazi huishi kwa jina la mwajiri. Akigombana na meneja, akilipwa pungufu, au akipata kazi nzuri zaidi mtaa wa pili, hawezi kuhama mpaka karatasi mpya ikamilike. Mwenye ukaazi wa kudumu anaacha kazi Ijumaa na kuanza nyingine Jumatatu, bila kumwomba afisa wa uhamiaji chochote.

Kanada ndiyo nchi inayojulikana zaidi kwa kutoa ukaazi wa kudumu kwa mtu ambaye bado yuko kwao, hajawahi kukanyaga huko wala hana mwajiri. Mfumo wake wa Express Entry ulianza Januari 2015. Mwombaji anajisajili mtandaoni na kupewa alama kati ya 0 na 1,200 kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, kisha anasubiri. Serikali huita wenye alama za juu kwa awamu. Akiitwa, ana siku 60 za kuwasilisha maombi kamili, na lengo la idara ya uhamiaji ni kuyamaliza ndani ya miezi sita. Hadi mwanzoni mwa 2025, barua ya ajira kutoka Kanada iliongeza alama. Machi mwaka huo alama hizo ziliondolewa, kwa sababu barua zenyewe zilikuwa zimegeuka bidhaa ya kuuzwa. Wakala anayeendelea kumuuzia mtu barua ya namna hiyo kwa hoja ya alama anamuuzia hewa.

Umri una uzito mkubwa katika hesabu hiyo. Mwombaji asiye na mwenzi, mwenye miaka 20 hadi 29, hupata alama 110 kamili. Kuanzia 30 zinapungua mwaka hadi mwaka. Akifika 40 zimebaki 50, na akifika 45 hakuna hata moja. Kwa hiyo muuguzi wa Mombasa mwenye miaka 37 anayeamua kwenda kwanza kufanya kazi ya miaka mitano mahali pengine, kisha ndipo aombe Kanada, anapaswa kujua kwamba njia hiyo inajifunga taratibu akiwa kazini.

Wasemaji wa Kiswahili wa Kongo, Burundi na Rwanda wana jambo ambalo wengi wao hawalipi uzito unaostahili. Tangu 2023 Kanada huendesha awamu maalumu kwa wanaojua Kifaransa vizuri na watakaoishi nje ya Quebec. Februari 2024 awamu moja ya aina hiyo ilishuka hadi alama 336, wakati awamu za jumla za kipindi hicho zilidai zaidi ya 500. Mwalimu wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa tangu utotoni ana mtaji ambao mwenzake wa Dodoma au Kisumu hana.

Fomu za Kanada zina sehemu moja inayoumiza familia kimyakimya. Mwombaji hutakiwa kutaja watoto wake wote walio chini ya miaka 22 na wasio na mwenzi, wakiwemo wasiosafiri naye, na wote hupimwa afya. Mtoto ambaye hakutajwa, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye kama mwanafamilia. Kwetu mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, au anayelelewa na bibi kijijini, huachwa nje ya fomu kwa aibu au kwa kudhani kwamba anapunguza nafasi. Mzazi akishapata utulivu na kutaka kumchukua, anakuta kanuni imemzuia. Mtoto huyo aandikwe, hata kama nyumbani kutakuwa na maneno.

Je, ukaazi wa kudumu ni bora siku zote? Hapana. Kwanza unadai fedha mkononi. Anayeomba kama mtaalamu kutoka nje bila ajira ya Kanada lazima athibitishe akiba ya zaidi ya dola 15,000 za Kanada akiwa peke yake, na zaidi ya 28,000 kwa familia ya watu wanne. Ada za serikali kwa mtu mzima mmoja zilikuwa dola 1,525 kuanzia Aprili 2024. Pili, ukaazi hautoi kazi. Muuguzi anaweza kushuka Toronto akiwa na haki zote za kuishi nchini lakini bila leseni ya uuguzi ya jimbo, na miezi mingi ikapita akifanya kazi za malipo ya chini huku akisubiri vyeti vyake vitambuliwe. Mwenzake aliyekwenda Uingereza kwa viza ya kazi alipokelewa na hospitali, akawekewa mtihani wa usajili na kuanza kulipwa mapema.

Kwa hiyo kwa mtu mmoja, asiye na watoto, anayetaka kufanya kazi miaka mitatu, ajenge na kurudi, viza ya kazi kutoka kwa hospitali inayojulikana ni uamuzi mzuri. Hospitali kubwa ya umma haipotezi leseni kirahisi kama kampuni ndogo iliyosajiliwa mwaka jana. Wenye watoto wanaoanza shule, na ambao moyoni hawana tarehe ya kurudi, wana hesabu nyingine. Kwao, kusubiri nyumbani mwaka mmoja au miwili ili waondoke na ukaazi mkononi kuna thamani kubwa kuliko haraka ya kupanda ndege, ikiwa umri na alama zinaruhusu.

Kuna wanaojibu kwamba viza ya kazi huishia kwenye ukaazi wa kudumu, hivyo hakuna haja ya kuchagua. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi aliyefanya kazi Uingereza miaka mitano kwa viza ya kudhaminiwa aliweza kuomba ukaazi wa kudumu, kwa ada iliyofika pauni 3,029 mwaka 2025. Lakini sheria inayotumika ni ile ya siku ya kuomba ukaazi, si ya siku ya kushuka uwanja wa ndege. Machi 2024 wahudumu wapya wa wazee walizuiwa kuja na familia. Julai 2025 ajira mpya za wahudumu kutoka nje zilisitishwa. Mei 2025 serikali ilitangaza nia ya kuifanya miaka mitano kuwa kumi, na Novemba, waziri wa mambo ya ndani Shabana Mahmood akatoa mapendekezo ambayo kwa kazi za ngazi ya chini, zikiwemo za uhudumu, yalitaja miaka 15. Yaliwalenga hata waliokwishaingia nchini lakini hawajapata ukaazi. Familia iliyopanga maisha yake kwa miaka mitano ikajikuta inahesabu mara tatu yake, na katika miaka yote hiyo haina haki ya misaada mingi ya serikali inayotolewa kwa kodi ambayo nayo inalipa. Hilo si haki, na litazamwe kabla ya kusaini mkataba wowote.

Ujerumani iko katikati. Kenya ilisaini nayo makubaliano ya uhamiaji mjini Berlin Septemba 2024. Anayeingia kama mfanyakazi mwenye ujuzi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu, akiwa amechangia mfuko wa pensheni kwa miezi 36 na kufikia Kijerumani cha B1. Aliyesomea ufundi au chuo hukohuko husubiri miaka miwili tu. Ugumu uko kwenye lugha, na anayekwenda Ujerumani bila kuipenda lugha yenyewe atachoka njiani.

Ghuba ni habari nyingine. Oman, yenye damu moja na Zanzibar kwa karne nyingi, iliondoa Januari 2021 sharti la mfanyakazi kupata kibali cha mwajiri wa zamani ili aajiriwe na mwingine baada ya mkataba kuisha. Hiyo ni hatua, lakini haimpi mfanyakazi haki ya kubaki. Saudi Arabia iliweka ukaazi wa muda usio na kikomo mwaka 2019 kwa riyali 800,000, bei isiyomhusu dada wa kazi za ndani wala dereva. Kwa anayekwenda huko ukaazi wa kudumu haumo kwenye hesabu, na swali ni akiba kiasi gani itarudi nyumbani kabla mkataba haujaisha.

Kwa Mtanzania ukaazi wa kudumu una uzito ambao Mkenya hauoni. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, hivyo Mkenya wa Kanada anaweza kuomba uraia baada ya kukaa siku 1,095 ndani ya miaka mitano na kubaki Mkenya. Mtanzania mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza wa Tanzania. Katiba ya Kongo nayo inatamka kwamba uraia wa Kongo haushikwi pamoja na mwingine. Kwao ukaazi wa kudumu ndio mwisho wa safari kwa wasiotaka kuukana uraia wao. Wataishi nao miaka yote, bila kupiga kura kule, huku wakilinda masharti yake. Kanada inataka siku 730 nchini katika kila miaka mitano. Uingereza humwondolea ukaazi anayekaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo, na anayerudi Mbeya kumuuguza mzazi anaweza kuipitisha miaka hiyo bila kujua.

Aliyeamua kujaribu njia ya Kanada aanze na tathmini ya vyeti vya shule, maana hiyo hutegemea vyuo vya nyumbani kutuma nakala na ndiyo inayochelewa. Matokeo yake hudumu miaka mitano. Mtihani wa Kiingereza au Kifaransa ufuate, kwa kuwa matokeo yake hudumu miaka miwili na lazima yawe hai siku ya kuwasilisha maombi. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema na taarifa za benki vije karibu na mwisho. Wanaoanza na mtihani wa lugha kwa sababu ndio rahisi kulipia hujikuta wakiulipia mara ya pili, chuo kikiwa bado hakijatuma nakala.