Ubavu wa Basi Una Kodi Yake

Septemba 2016, abiria wa kituo cha Clapham Common, kwenye treni za chini ya ardhi za London, walikuta matangazo yote 68 yameondolewa na mahali pake pamebandikwa picha za paka. Hapakuwa na bidhaa, bei wala namba ya simu. Wenye wazo hilo walichangisha takriban pauni 23,000 mtandaoni, wakakodi kituo kwa wiki mbili kama ambavyo benki au kampuni ya simu ingefanya. Mwenye nafasi alipata kodi yake.

Anayetaka kuweka picha ya sanaa mahali pa tangazo aanze hapo, kwenye kodi. Ubavu wa basi, mgongo wake na ukuta wa kituo ni mali inayopangishwa. Kwa kawaida mamlaka ya usafiri huingia mkataba na kampuni ya matangazo, nayo kampuni huahidi kiasi maalumu kwa mwaka au mgawo wa mapato. Mfaransa Jean-Claude Decaux aliujua utamu wa biashara hii tangu 1964, alipoanza kuijengea Lyon vibanda vya abiria bila malipo: matunzo juu yake, matangazo yake.

Mkataba wa namna hiyo ukishasainiwa, si rahisi kujitoa. Mwishoni mwa 2014 Grenoble, jiji la Ufaransa, ilitangaza kwamba haitaongeza mkataba wa mabango ya barabarani, na mabango 326 yakapangiwa kung'olewa. Lakini vibanda vya basi na tramu vilikuwa chini ya mkataba mwingine ambao muda wake ulikuwa bado, kwa hiyo matangazo yaliondoka barabarani lakini yakabaki pale pale abiria anaposubiri.

Wasanii wengi wamechagua kulipa. Mwaka 1983 kundi la Group Material lilikodi nafasi 1,400 ndani ya treni za New York likazijaza kazi za sanaa. Mwaka 1989 wasanii wa kundi la Gran Fury walitoa picha ya watu wawili wawili wakibusiana, iliyopigwa kwa mtindo hasa wa matangazo ya nguo, wakaitembeza ubavuni mwa mabasi kuzungumzia UKIMWI. Ilipofika Chicago, ilizua ugomvi uliofika hadi bunge la jimbo. Kulipa kodi, basi, hakumnunulii msanii utulivu.

Njia ya pili ni hisani. Agosti 2014 makampuni ya mabango ya Marekani yalitoa maelfu ya nafasi, vituo vya basi vikiwemo, kuonyesha kazi 58 za makumbusho matano. Sina ubaya na hisani, ila ina tarehe ya kwisha. Mteja wa kulipa akibisha hodi, mchoro unashuka. Tehran, mwaka 2015, jiji lenyewe liliamuru mabango yapatayo 1,500 yabebe sanaa, zikiwemo picha za Henri Cartier-Bresson. Siku kumi zilipopita, matangazo yakarudi.

Nairobi hesabu imegeuzwa kichwa chini. Mwenye matatu humlipa mchoraji kwa hiari, kwa sababu nganya, yaani matatu iliyopambwa, yenye nyuso za wanamuziki na wachezaji mpira huvuta abiria. Kuna vijana wanaoacha gari tupu lipite ili wasubiri lililopambwa. Picha ni gharama ya kutafuta wateja, sawa na muziki na taa za ndani. Serikali imekuwa ikiibana michoro hiyo na kuilegezea: kanuni za Waziri John Michuki za Februari 2004 zilileta mstari wa manjano badala ya michoro, mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaitetea michoro kama ajira ya vijana, na Novemba 2018 msako ukarudi. Kila mara gereji zilifufuka, kwa kuwa aliyekuwa akizilisha ni abiria.

Dar es Salaam kwenye mabasi ya mwendokasi hali si hiyo. Abiria hachagui basi. Anapanda lililofika, tena akishukuru Mungu limefika. Picha nzuri haimwongezei mwendeshaji nauli hata moja, na msanii anayempelekea ombi lenye hoja ya urembo tu atasubiri sana.

Ajue pia gharama yenyewe ilivyo. Picha huchapwa kwenye stika ya plastiki. Bodi huoshwa, hupanguswa kwa spiriti, kisha fundi hushusha stika kutoka juu akisukuma hewa kwa kipande cha plastiki, na kwenye ribiti huipasha joto hadi ilale. Ya madirishani ina vitundu vidogo ili aliye ndani aone nje. Ikibandikwa juu ya vumbi, pembe zinainuka mvua za kwanza. Kazi hiyo hulipwa mara moja, wakati kodi ya nafasi haikomi. Nafasi isiyouzwa, kwa upande mwingine, haimwingizii mwenyewe kitu, na mara nyingi hubaki na tangazo la promosheni iliyokwisha zamani. Kwa ombi la kwanza, ningeomba nafasi kama hizo, kwa maandishi, pamoja na tarehe ya kuziachia mteja wa kulipa akija.