Je, Wajua? Sindano ya TB na masikio yako

Streptomaisini, dawa ya kwanza kuwashinda bakteria wa kifua kikuu, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Tanzania walichomwa sindano hiyo msulini kila siku kwa miezi 2 ya mwanzo. Iliokoa wengi sana. Lakini inaweza kudhuru figo na masikio, na usikivu ukishapotea mara nyingi haurudi tena. Ndiyo maana dozi hufuata uzito na umri, na mjamzito hapewi: mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi.

Leo mgonjwa wa Bariadi, Maswa au Meatu mwenye TB ya kawaida humeza vidonge kwa miezi 6, bila malipo. Hata TB sugu, ambayo hospitali ya Kibong'oto ilianza kuitibu mwaka 2009, sasa hutibiwa zaidi kwa vidonge, jambo la kushukuru kwelikweli. Wachache bado huhitaji sindano, kama amikasini. Anayechomwa akisikia mlio masikioni, kizunguzungu au mkojo ukipungua, amwambie mhudumu siku hiyo hiyo, kabla ya sindano inayofuata.