Kuhariri Faili Kubwa Kuliko Kumbukumbu ya Kompyuta

Mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alitaka kusahihisha neno moja tu katika kopasi yake. Alipoamuru faili ihifadhiwe, kompyuta ikaganda. Akaizima kwa nguvu. Alipoiwasha tena, nusu ya pili ya faili haikuwepo, na nakala nyingine hakuwa nayo.

Programu nyingi za kuhariria matini husoma faili nzima na kuiweka katika kumbukumbu kabla ya kuonyesha hata mstari mmoja. Kwa insha ya kurasa kumi hilo si neno. Kopasi ni jambo jingine, kwani mara nyingi kila neno hupewa mstari wake, na kando yake huandikwa shina, aina ya neno na ngeli. Tukichukua kopasi ya maneno milioni 25, na baiti 60 kwa kila mstari, tunapata gigabaiti 1.5. Tena zipo programu zinazotumia baiti mbili kwa kila herufi, hivyo mzigo huongezeka maradufu.

Kusoma tu faili ya namna hiyo ni rahisi. Programu ya less, inayotumika katika Unix na Linux, huchukua sehemu inayohitajika kwenye skrini, nasi tukisonga mbele huchukua sehemu nyingine.

Ugumu uko katika kuhariri. Skana hupenda kuchanganya m na rn, hata "mtu" akawa "rntu" (waliowahi kuskani magazeti ya zamani wanatuelewa). Tukirudisha m, herufi mbili zinakuwa moja, na yote yanayofuata, hadi mwisho wa faili, hayana budi kusogea nafasi moja nyuma. Programu ikifanya hivyo kwa kila sahihisho, kazi haitakwisha.

Njia mojawapo ya kuepuka hilo ilitumika katika Bravo, programu iliyoundwa Xerox PARC huko Marekani katika miaka ya 1970. Inafanana na tunavyosahihisha tasnifu. Hatuandiki upya ukurasa mzima, bali tunatia alama na kuandika pembeni. Faili asilia haiguswi. Maneno mapya huwekwa mahali pake, kisha jedwali dogo huonyesha mpangilio: soma faili asilia hadi hapa, chukua herufi moja ya nyongeza, ruka mbili, endelea na faili asilia. Kinachokaa kwenye kumbukumbu ni jedwali na ukurasa unaotazamwa.

Wakati wa kuhifadhi, programu iliyo makini hulifuata jedwali na kuandika faili mpya kando, na ya zamani huondolewa baada ya mpya kukamilika. Kwa hiyo diski lazima iwe na nafasi ya faili mbili. Mwanafunzi wetu alitumia programu iliyoandika juu ya faili ileile. Sasa anaskani upya, na safari hii ameigawa kopasi yake katika faili ndogo, moja kwa kila mwaka wa gazeti.