Chaza Mchanga Hujuaje Mahali pa Kukaa?

Huenda umeliona hili ufuoni: jiwe moja limejaa chaza, na la jirani ni tupu. Si bahati tu. Kiumbe mdogo kama chembe ya mchanga amechagua.

Chaza haanzi maisha akiwa amenata. Yai hutoa kiluwiluwi anayeogelea na kuchukuliwa na maji kwa takribani wiki 2 hadi 3. Mwishowe huota mguu na doa la jicho. Hapo mwili wake uko tayari kugeuka kuwa chaza kamili, lakini haugeuki bado. Unangoja ishara.

Kiluwiluwi hushuka, akatambaa akipima mahali. Kemikali zinazotoka kwa chaza wakubwa, pamoja na utando wa bakteria ulio juu ya magamba na mawe, humwonyesha kuwa hapo panafaa. Seli zake za neva zikipata habari hiyo, hutoa kemikali za kupeleka ujumbe mwilini. Uchunguzi wa chaza wa Pasifiki ulionyesha kuwa dopamini huhusika na kutambaa na kunata, nazo kemikali za jamii ya adrenalini huanzisha mageuzi yenyewe. Kemikali hizo huingia kwenye vipokezi vya seli kama ufunguo kwenye kufuli. Kiungo cha kuogelea na mguu hutoweka, matamvua hukua. Katika miaka ya 1980, watafiti walitia adrenalini katika maji yenye viluwiluwi, nao wakageuka bila kunata popote.

Kiluwiluwi akikosa ishara anaweza kuahirisha, ila nguvu zake zina mwisho, na asipopata mahali hufa. Akishanata, hahami tena maisha yake yote.

Kwa hivyo, anayebandua chaza wote kwenye jiwe haondoi mavuno ya leo pekee. Anaondoa pia mwito unaowaleta wa kesho. Wakazi mnaombwa:

• Mnapovuna, acheni chaza wakubwa kadhaa kila mahali.
• Rudisheni magamba safi ufuoni badala ya kuyatupa jaani.
• Msikate mizizi ya mikoko yenye chaza.
• Zuieni udongo wa mashamba usiingie baharini, kwa kuwa tope hufunika mahali pa kunata.

Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa uvuvi au kamati ya BMU ya ufuo wako.