Televisheni Ituonyeshe Vita Vyetu

Mwaka 1960 televisheni ya Marekani ilionyesha mchezo wa ajabu uitwao "The Purple Testament". Mtungaji wake, Rod Serling, alikuwa amepigana Ufilipino katika Vita Kuu ya Pili. Afisa kijana huona nuru ngeni katika nyuso za askari walio karibu kufa. Mwishowe huiona kiooni, katika uso wake mwenyewe.

Hatuutaji mchezo huo kwa kuyatukuza ya wageni, bali kwa kuwa unatukumbusha ya kwetu. Mwaka 1905 wananchi wa kusini waliinuka dhidi ya Wajerumani, wakiwa wamepewa maji na kuahidiwa kwamba risasi hazitawadhuru. Mwaka huohuo wapiganaji waliichoma misheni ya Masasi. Yule afisa alikiona kifo kabla hakijafika. Wapiganaji wetu waliamini hakitawafika kabisa. Je, aliyemwona nduguye akianguka, na maji hayajamkauka mwilini, alisema nini moyoni? Hilo ndilo swali la mchezo wa kuigiza, na Ebrahim Hussein alikwisha kutufungulia njia kwa tamthilia yake, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969.

Miaka 12 baadaye, Novemba 1917, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita Newala likikimbilia Mto Ruvuma. Safari hii hapakuwa na dawa wala ahadi. Katika vita vile wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Visiwa vyetu navyo vilitoa wapagazi. Tena, Wamakonde wengi walivuka bahari kuja kufanya kazi mashambani mwetu, na wajukuu wao ni jirani zetu. Habari hizi si za mbali.

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970; Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Fahari hiyo ina deni lake. Tunawaomba wakuu wa utamaduni na utangazaji wawatume watungaji na waigizaji Masasi na Newala, wakawasikilize wazee juu ya yale waliyosimuliwa na wazazi wao, kabla sauti hizo hazijanyamaza.

Sharti letu ni moja: imani ya maji isifanyiwe mzaha, wala isigeuzwe muujiza. Waliokufa wakiiamini walikuwa watu wazima waliochoka kudhulumiwa. Waonyeshwe hivyo.