Kazi za Wanaume na Kazi za Wanawake: Nani Aliyezigawa?



Ukimwuliza mtu wa kijijini, "Kwa nini maji huchotwa na wanawake, na paa huezekwa na wanaume?" aghalabu atakujibu upesi, "Ndivyo tulivyoumbwa. Ndivyo ilivyo tangu zamani." Katika mazungumzo haya nataka tulipime jibu hilo polepole, tuone ni sehemu gani ya jibu iliyo kweli, na ni sehemu gani iliyoongezwa na watu wenyewe.

Tuanze na sehemu iliyo kweli. Mwanamke ndiye achukuaye mimba, ndiye azaaye na kunyonyesha. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kufuata nyayo za nyati porini siku tatu, wala kulala baharini pamoja na wavuvi. Humfaa kazi iwezayo kuachwa kidogo mtoto anapolia, kisha ikashikwa tena, kama vile kupalilia, kutwanga, kusuka ukili au kufinyanga. Tena wanaume kwa kawaida wana nguvu zaidi za mikono na mabega, na kwa hiyo kukata miti mikubwa na kufyeka msitu kuliwaangukia wao. Hayo ni ya maumbile, wala hapana haja ya kuyabishia.

Lakini tukitoka hapo, tukazunguka katika nchi zetu za Afrika Mashariki, tutaona mambo ya kustaajabisha. Kwa Wamaasai, nyumba hujengwa na mwanamke, naye ndiye aikandikaye kwa samadi ya ng'ombe. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, kujenga ni kazi ya wanaume. Mwanamke wa Kimaasai hukama ng'ombe asubuhi na jioni. Lakini kwa Wahima wa Ankole, katika nchi ya Uganda, zamani ilikuwa mwiko mwanamke kukama, na kazi hiyo ilikuwa ya wanaume tu. Katika Ziwa Nyasa, vyungu vya Wakisi vyenye sifa kubwa hufinyangwa na wanawake. Huko Buganda, vyungu vya Kabaka vilifinyangwa na wanaume. Na hapa pwani, mtu asemaye kwamba upishi ni wa wanawake, na aende kwenye arusi. Atawakuta wanaume wamesimama mbele ya masufuria makubwa, wanakoroga pilau kwa miiko mirefu, wala hapana awachekaye.

Kama maumbile ndiyo yaliyogawa kazi hizo, mgawanyo ungalikuwa mmoja mahali pote, kwa maana maumbile ya mwanamke wa Umaasaini na ya mwanamke wa Ankole ni yale yale. Basi, twaona kwamba maumbile yamegawa kazi chache tu. Zilizobaki zimegawanywa na desturi, na kila watu wana desturi yao.

Tena desturi yenyewe haisimami mahali pamoja. Zamani za utawala wa Waingereza katika Tanganyika, mpishi na dobi katika nyumba za Wazungu walikuwa wanaume, na watu wengi waliona kuwa kazi ya kulipwa mshahara nyumbani mwa mtu si ya mwanamke. Leo kazi hiyo hiyo mijini hufanywa zaidi na wasichana. Vivyo hivyo, shuleni kushona kulifundishwa kama somo la wasichana, lakini ukipita katika baraza za maduka utaona kwamba wakaao kwenye cherehani mara nyingi ni wanaume. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pake, na kama ina fedha au haina.

Neno hilo la fedha tulishike vizuri, kwa kuwa ndani yake mna jambo kubwa. Serikali za kikoloni zilipotaka kodi, zilimdai mwanamume. Zilipoleta mazao ya biashara, mafunzo na miche vilikwenda zaidi kwa mwanamume. Huko Kilimanjaro, wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka wa 1925, na mwaka wa 1933 kikafuata chama kikuu cha ushirika. Katika vyama hivyo, jina lililoandikwa kwa kawaida lilikuwa la mwanamume mwenye shamba. Mke alipalilia, alichuma na kuanika. Fedha zilipofika, zilipokewa na mwenye jina. Desturi hiyo ya kahawa haikutoka kwa mababu, kwa sababu mababu hawakuwa na kahawa ya kuuza. Hata hivyo, baada ya miaka michache tu watu walianza kusema, "Ndivyo ilivyo tangu zamani."

Huko Unguja mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kilimo cha mwani kilianza upande wa mashariki, katika Paje na Jambiani, mwaka wa 1989, na wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Palikuwa na wanaume walionung'unika kuona wake zao wakishinda majini tangu maji yakupwapo hata yajaapo. Lakini fedha za mwani zilipolipa ada za shule na kununua mabati, manung'uniko yalipungua.

Sasa tufike kwenye shabaha ya mazungumzo haya. Watu kugawana kazi si ubaya. Nyumba isiyo na mgawanyo wa kazi haiendi. Ubaya huingia pale mgawanyo wa kazi ugeukapo kuwa mgawanyo wa haki, hata mmoja afanye kazi maisha yake yote, na mwingine awe ndiye mwenye mali.

Tanzania imelishughulikia jambo hili kwa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenziwe. Mwaka wa 1983 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba wanandoa wakiachana na mali ikigawanywa, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa ni mchango katika kuichuma mali hiyo. Maana yake ni kwamba mkono upikao na uleao umo katika ukuta wa nyumba sawasawa na mkono ulionunua matofali.

Lipo na shauri la Muleba, katika nchi ya Wahaya. Mama mmoja mzee aliachiwa shamba na baba yake kwa wasia. Mwaka wa 1988, kwa kuwa hakuwa na wa kumtunza, aliliuza. Mtu wa ukoo wake akashtaki, akisema kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Lakini mwaka wa 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo yapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama aliyo nayo mwanamume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 ikatamka wazi kuwa mila yo yote imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu.

Wako watakaosema, "Mwacha asili ni mtumwa." Methali hiyo ni ya kweli, nasi hatuitupi. Lakini tukumbuke na nyingine: kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mara nyingi aitajaye mila shamba linapogawanywa ndiye atakayelipata shamba hilo. Heshima kwa wazee, kusaidiana katika msiba na kulea yatima ni mila pia, na ajabu ni kwamba hizo hazitajwi kwa sauti kubwa kama ile ya kumwondoa mjane shambani.

Basi, msomaji, usingoje mpaka kifo au talaka. Kama kijiji chako kinatoa hati ya haki miliki ya kimila, kaeni mume na mke mkaombe iandikwe majina yenu wote wawili. Mwenye mali na aandike wasia angali mzima, awataje na mabinti. Likizuka shauri la shamba, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa sheria lina wajumbe saba, na watatu wao yapasa wawe wanawake. Uliza kama katika kijiji chako viti hivyo vimekaliwa. Na nyumbani, mvulana akifundishwa kupika uji na msichana akifundishwa kupiga hesabu za mavuno, hapana kilichopotea. Siku ya ugonjwa au ya msiba itakapofika, kila mmoja ataweza kuishika kazi ya mwenziwe, na nyumba haitalala njaa.