Je, Wajua? Sauti Yako Husafiri Vipande Vipande

Ukimpigia ndugu yako aliyeko London kwa WhatsApp, salamu yako haiendi nzima. Simu huigeuza sauti kuwa tarakimu, kisha huikata katika pakiti ndogo, kwa kawaida 50 kila sekunde.

Simu ya mezani ilikuwa na utaratibu mwingine. Ulipopiga namba, mitambo ya kampuni ya simu iliunganisha njia moja kutoka kwako hadi kwa mwenzako, ikawa yenu peke yenu hadi mmoja wenu akate. Mitambo ya kidijiti iliitengea njia hiyo biti 64,000 kila sekunde, mseme au mnyamaze. Mlikuwa kama waliokodi gari zima hata viti vikibaki vitupu, na bei ilipanda kwa dakika na kwa umbali.

Intaneti haimtengei mtu njia. Pakiti zako huchanganyika na picha, video na barua pepe za watu wengine. Nyingine huchelewa, nyingine hutanguliwa na zilizotoka nyuma yake, nyingine hupotea kabisa. Pakiti ya barua pepe ikipotea hutumwa tena, lakini mazungumzo hayasubiri. Kwa hiyo simu ya mpokeaji huzihifadhi pakiti kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, huzipanga kwa namba zake, na penye pengo hukisia sauti kwa kufuata iliyotangulia. Zikipotea nyingi mfululizo, ndipo unaposikia sauti ikikatakata.

Adui mkubwa ni ucheleweshaji. Ukizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu huanza kuingiliana maneno. Satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta huchukua takribani robo sekunde kupandisha na kushusha sauti. Mkongo wa baharini huikwepa safari hiyo ndefu ya angani; ndiyo maana ule wa SEACOM, uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ulikuwa na manufaa makubwa kwa simu za intaneti.

Simu ya mezani ina sifa yake: waya wake wa shaba huleta na umeme, volti 48, hivyo hufanya kazi hata nyumba ikiwa gizani. Lakini hupitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, ndiyo maana "s" na "f" huchanganyika mtu akitaja jina. Opus, mfumo wa kugeuza sauti kuwa tarakimu unaotumika sana katika simu za intaneti, yaweza kubeba hadi hezi 20,000. Mtandao ukiwa mzuri, sauti iliyokatwa vipande hufika ikiwa kamili zaidi kuliko ile iliyopewa njia yake yenyewe.